Euro za Mama Pelerinaje

Nimeona watu wakipiga pasi mashati, vitenge, hata soksi, lakini mtu wa kupiga pasi noti za euro nimemjua mmoja tu. Alitandaza kitambaa cheupe juu ya meza ya duka lake pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Congo, akapanga noti mojamoja kama wanawake wa Kahendero wanavyopanga samaki juani, kisha akapitisha pasi ya makaa iliyopoa nusu, midomo ikisali Salamu Maria na jicho moja likiwa mlangoni. Ukimuuliza anafanya nini, alikutazama kama umeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Biye iliyokunjana inaleta maswali," alisema. Biye ni noti, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya daraja. "Mutu ya kanisa anabeba biye yenye kunyooka."

Watu walimwita Mama Pelerinaje. Pelerinaje ni hija. Ndugu zetu wa Congo walilichukua neno hilo kwa Wafaransa na hawajalirudisha. Yeye ndiye aliyewaongoza mahujaji Wakatoliki wa Butembo, Beni, Bwera na Kasese kwenda Roma, Lourdes, Fatima, na kokote kwingine Ulaya ambako Bikira Maria amewahi kuwatokea watu. Jina lake la ubatizo ninalijua. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi alikubali kwa sharti moja: "Andika byote, hata bya Paluku. Lakini jina yangu uniachie. Bado ninalitumia."

Alikuwa pia mama mwenye nyumba wangu. Miaka niliyofundisha sekondari Bwera nilikaa chumba cha nyuma ya duka lake la vitenge, kabla sijahamia Kasese na kuwa, kwa maneno ya shemeji yangu, mtu anayekaa nyumbani na kompyuta na kusema anafanya kazi. Kwa hiyo nilimsikia zaidi kuliko nilivyomwona. Ukuta ulikuwa mwembamba, naye hakuwa mtu wa kukaa. Alitembea dukani akihesabu majora ya kitenge, alitembea uani akisali, alitembea barabarani akiongea na simu. Chakula alikula amesimama, sahani mkononi, akiangalia barabara iendayo mpakani Mpondwe kana kwamba mtu fulani angetokea upande ule na yeye asingependa akutwe ameketi.

Na kweli kulikuwa na mtu fulani. Jambo hilo inafaa nilitoe mapema, maana bila hilo mama huyu ataonekana mfanyabiashara mwenye vituko, na vituko vyake ni nusu tu ya habari. Alikuwa na mwana Ulaya, Paluku, aliyekwenda Ubelgiji kusoma. Masomo yalimwishia kabla hajayamaliza, vibali navyo vikaisha, akawa mtu wa kuhama: leo Ubelgiji, kesho Ufaransa, mara Uswisi, mara Ujerumani. Bwera nzima iliamini kuwa duka la mama lilijengwa kwa pesa za Paluku. Walipopita nje walionyesha bati jipya wakasema, "Ile ni Ulaya hiyo." Mama hakuwakatalia. Mara nyingi nilimsikia akipaza sauti kwenye simu, mbele ya wateja: "Paluku, mwanangu! Ile uliyotuma imefika! Mungu akubariki!" Siku moja nilisimama karibu mno, nikaona kioo cha simu. Kilikuwa cheusi. Hakuwa anaongea na mtu.

Ukweli ulikuwa kinyume kabisa. Pesa haikuwa inatoka Ulaya kuja Bwera. Ilikuwa inatoka Bwera kwenda Ulaya.

Kwetu hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu anaijua: anayerudi kutoka Ulaya haingii ndani kwanza. Anasimama mlangoni, majirani wanakusanyika, naye anatoa. Mzee apate, shangazi apate, hata aliyepita na baiskeli akisimama apate. Mama Pelerinaje aliita jambo hilo *mukono ya mulango*. Nimemwona mwanamume mzima aliyeishi miezi minane kwa shemeji yake Kinyamaseke baada ya kushuka kwenye ndege, akitafuta cha kutoa, kwa sababu hakuthubutu kufika kwao Bwera bila hicho. Paluku alikuwa akifanya jambo lilelile, isipokuwa yeye alijificha mbali zaidi.

Mama alitaka mwanawe arudi. Hakutaka kitu kingine duniani. Hata mbinguni, nadhani, alitaka kwenda kwa sababu huko watu hawahitaji viza. Akaona dawa ni moja.

"Anaogopa kuingia na mukono mutupu," aliniambia siku aliyonieleza. "Basi mimi nitamujazia mukono kulekule. Akuye nyumbani nayo kama yake. Nani atauliza imetoka wapi? Euro iko euro."

Nilisoma uchumi mwaka mzima chuoni kabla sijakimbilia fasihi, na sikumbuki sura yoyote iliyohusu bidhaa ya namna hii: pesa inayosafirishwa hadi Ulaya kwa gharama kubwa, ili ipate kurudi ilikotoka ikiwa na heshima.

Kwa nini asitume kwa simu au kwa wakala? Nilimuuliza, maana ndivyo wasomi tunavyosaidia. Alikwisha kutuma. Lakini Paluku hakuwa na kitambulisho ambacho hakijaisha muda, na kule dirishani bila kitambulisho hupewi hata salamu. Rafiki yake akampokelea, kisha rafiki akahama nchi na pesa. "Simu haina mukono," alisema Mama. "Mimi niko nayo." Hivyo hija zikaanza, na hivyo mama aliyemaliza shule ya msingi tu akajua treni za Ulaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda kwenye gari la Kasese.

Sitaki nieleweke vibaya. Alimpenda Bikira kweli. Lakini ramani ya hija zake ilikuwa na kona ambazo imani peke yake haiwezi kuzieleza. Padri aliwahi kumuuliza kwa nini safari ya Lourdes ilipitia Stuttgart, mji ambao, kwa habari alizokuwa nazo padri, Bikira hajawahi kumtokea mtu yeyote.

"Bado, mon père," alijibu Mama.

Ubebaji wa pesa aliufundisha kama padri anavyofundisha katekisimu. Wiki moja kabla ya kuondoka aliwakusanya mahujaji kwenye ukumbi wa parokia. Kila mmoja aliambiwa agawe pesa yake sehemu tatu na kuificha mwilini anapopajua mwenyewe, kisha atembee kutoka mlangoni hadi madhabahu ndogo na kurudi. Mama alisimama katikati, mikono kiunoni, akiwatazama.

"Weye, Papa, umegusa!"

"Sijagusa, Mama. Nimejikuna."

"Mutu anajikuna kwenye franga yake tu? Mwizi ameshakuona. Rudi mulangoni. Na weye Mama wa Kitswamba, juu ya nini unatembea kama umebeba mayai? Umeweka mu kiatu. Toa, weka pengine."

Aliyegusa pesa yake, franga kwa lugha ya Mama, alitozwa fungu moja la rozari, papo hapo, kwa sauti. Kuna mzee mmoja mkulima wa kahawa aliyemaliza rozari nzima na bado akashindwa kufika madhabahuni bila kupapasa kifua.

Yeye mwenyewe alikuwa na njia yake. Wanaokwenda Lourdes hurudi na chupa za plastiki zenye umbo la Bikira, taji la buluu likiwa kifuniko, ndani maji. Mama alikwenda na chupa yake ikiwa tupu ya maji na imejaa noti zilizoviringwa. Kazi yote ya pasi iliishia hapo, lakini alisema noti iliyonyooshwa kwanza huviringika vizuri na hukunjuka vizuri. Pale Mpondwe, siku moja akitoka Butembo kukusanya michango ya mahujaji, chupa mkononi, afande mmoja mgeni alimsimamisha.

"Wee mama! Simama hapo! Fungua hiyo!"

"Nifungue Bikira, afande?"

"Fungua!"

"Nitafungua. Lakini kwanza uvue kofia."

Afande alivua. Mama akapiga magoti barabarani, mbele ya malori, akaanza litania. Ni ndefu, litania ile. Malori yakaanza kupiga honi, dereva mmoja akaitikia "utuombee" kutoka dirishani, na kabla hawajafika katikati afande akarudisha kofia na kusema, "Pita, pita, pita."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, na pia hakuwa. Alimdanganya afande bila kupepesa, aliidanganya Bwera nzima kwa simu iliyozimika, lakini kwenye kitenge hakukuibia hata upana wa kidole. Alipima, akaongeza kidogo, akakata. Aliwakataza mahujaji kumpa ombaomba yeyote wa Ulaya ("Yule anakula mukate kuliko weye!"), kisha masera mmoja, mtawa wa Kitswamba aliyesafiri naye, akamwona amerudi nyuma ya kundi, akimwekea kijana mmoja wa Kiafrika sarafu mkononi na kumuuliza mama yake anaitwa nani.

Masera huyo ndiye aliyenisimulia mengi ya huko. Habari ninayoipenda zaidi ni ya mpaka. Walikuwa kwenye treni kutoka Ubelgiji kwenda Ufaransa. Mama alikuwa amejitayarisha tangu asubuhi: pasipoti mkononi, barua ya askofu mkono wa pili, uso wa mpakani umeshavaliwa. Alisimama kwenye ujia wa behewa akingoja. Treni ikaenda. Mashamba, nyumba, ng'ombe, mashamba.

"Masera, mupaka iko wapi?"

"Tumeshaupita, Mama. Muda mrefu."

"Tumepita namna gani? Hakuna daraja! Hakuna afande! Na nani amenichenjia franga?"

"Hakuna haja. Ni pesa ileile."

Mama aliinama dirishani, akatazama walikotoka. Kisha akasema kwamba nchi mbili zenye pesa moja ni sawa na wake wawili wenye sufuria moja, leo wanacheka, ngoja. Aliendelea kusimama hadi Paris kwa hofu kwamba mpaka wenyewe ulikuwa bado mbele.

Uswisi ndiko alikopumzika roho, kwa sababu Uswisi wana pesa yao. Alipoona kibanda cha kubadilisha fedha kwenye kituo, chenye kioo na namba zinazowaka, alikiendea kama mtu aliyemwona jirani wa kwao. Aliuliza bei. Mhudumu akaonyesha namba kwenye kioo.

"Hiyo ni ya kuanzia," Mama akamwambia kwa Kifaransa chake cha Butembo. "Sasa nipe ya mwisho."

Mhudumu akaonyesha tena namba ileile. Mama akaanza kuondoka, polepole, kama tunavyofanya sote Mpondwe, tukisubiri kuitwa. Hakuitwa. Akageuka, akaondoka tena, kwa polepole zaidi. Masera anasema alijaribu mara kadhaa na kwamba foleni nzima ilimhurumia yule mhudumu.

Lakini kosa ambalo mtu wa kwetu peke yake angeweza kulifanya lilitokea Lourdes, duka la mishumaa. Kule Congo faranga yao unaweza kuipokea ikiwa imechoka kama tambara la jikoni na hakuna atakayesema neno. Lakini noti ya kigeni ikiwa na mchaniko mdogo kama jino la mtoto, imekufa. Hakuna atakayeigusa. Mbadilisha fedha wa Kasindi, ng'ambo ya daraja la Mpondwe, atainyanyua kwenye mwanga, ataipapasa kingo zote nne, na akiona kidonda atakurudishia kwa vidole viwili. Mama aliishi maisha yake yote ndani ya sheria hiyo. Basi muuza mishumaa alipomrudishia chenji, noti ya euro yenye ufa pembeni, aliisukuma nyuma.

"Nipe ingine."

"Hii ni nzuri, Madame."

"Imepasuka."

"Inapita, Madame. Hapa inapita popote."

"Inapita kwako! Haipiti Kasindi!"

Muuzaji hakujua Kasindi ni nani. Alidhani ni mume wake. Mahujaji wa nyuma, watu wa Mungu, wakaanza kusukumana. Mwishowe bibi mmoja wa Kiitaliano alitoa noti yake safi akabadilishana naye, na Mama akaichunguza hiyo nayo kwenye mwanga wa mishumaa kabla ya kumshukuru.

Hayo yote yanachekesha, na nimeyasimulia kwenye harusi zaidi ya moja. Lakini kila hija iliishia mahali palepale: Mama amesimama kwenye kituo fulani cha treni, chupa ya Bikira mkononi, na Paluku anakuja, au haji. Alipokuja alipokea, akalia, akaahidi. Kisha kulikuwa na kodi ya chumba, kulikuwa na wakili wa vibali, kulikuwa na deni la mtu aliyemlaza sakafuni kwake majira ya baridi. Pesa ya mlangoni ikaliwa kabla haijauona mlango. Mama akarudi Bwera na maji matakatifu, na siku ya pili tu nilisikia nyayo zake nyuma ya ukuta, akitembea, akianza upya.

Mwaka ambao goti lake la kushoto lilianza kukataa ngazi, viza nayo ilikataliwa. Na mwaka huohuo mimi nikaalikwa Cologne, Ujerumani, kuzungumzia waandishi na mipaka, mada ambayo nilikuwa na maoni mengi juu yake na uzoefu kidogo sana. Sijui alisikia kwa nani. Asubuhi moja alitokea nyumbani kwangu Kasese, akakataa kiti, akakataa chai, akatoa bahasha.

"Profeseri." Hajawahi kuniita hivyo bila kutaka kitu. "Weye unaenda bure. Utamubebea Paluku."

"Mama, mimi na pesa ya mtu..."

"Ninajua. Simama. Tembea kutoka friji mpaka mulango."

Nilitembea. Mke wangu alitoka jikoni kutazama.

"Amegusa," akasema mke wangu.

"Amegusa," Mama akakubali kwa huzuni. "Rudi."

Nilifanya mazoezi yale hadi mchana, mtu mwenye shahada mbili, nikipita mbele ya friji na mkanda wa kitambaa kiunoni. Haikusaidia. Kwenye uwanja wa ndege wa Brussels nilijipapasa mara nyingi hata mama mmoja akaniuliza kwa upole kama tumbo linaniuma. Kadi yangu ya benki, ambayo Kampala inaheshimiwa, ilikataliwa na kila mashine niliyoikaribia. Usiku wa kwanza nililalia biskuti za ndege, nikiwa na euro nyingi kiunoni kuliko nilizowahi kuzishika, na sikutoa hata moja. Si kwa uadilifu. Nilimwogopa.

Paluku alisema nimkute Liège. Nilipofika Liège alikuwa ameandika: *Samahani Mwalimu niko Cologne*. Vizuri, nikafikiri, huko ndiko ninakokwenda. Nilipofika Cologne alikuwa Berlin. Nilitoa mhadhara wangu juu ya mipaka nikiwa nimekaa upande mmoja kama mtu mwenye jipu, kisha nikakata tiketi ya Berlin kwa pesa za posho, nikilaani ukoo wao wote kimoyomoyo.

Nilimkuta kituo cha mabasi. Mama alikuwa akisema "mutoto" kwa miaka yote hiyo, nami bila kujua nilikuwa nimejitayarisha kukutana na mtoto. Alikuja mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu na mvi kwenye ndevu, karibu rika langu.

"Wasibire, Mwalimu," alinisalimu. "Mama anatembea namna gani?"

"Goti linamsumbua. Hakuambii?"

"Ananiambia iko sawa. Na mimi ninamuambia niko Liège." Akacheka kidogo. Basi lilikuwa limeshawashwa. Alilitazama kila baada ya neno. Lilikuwa linakwenda Poland. "Kuna kazi ya kukata kuku kule. Banalipa kwa mukono, kila wiki. Hawaulizi mingi."

"Mama anasema urudi."

"Ninajua anasema nini. Nirudi na nini?"

"Na hii." Nikaanza kuhangaika na mkanda hadharani, shati likatoka, na wazee wawili wa Kijerumani wakageuza macho. Paluku alipokea bahasha. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Unajua, Mwalimu, siku nikiingia na hii pale mulangoni, batu bote watapiga vigelegele. Bote, isipokuwa wawili."

"Wawili gani?"

"Mimi na Mama."

Dereva akaita. Paluku alifungua jaketi, akaiweka bahasha ndani, bapa, bila kuikunja, akapanda. Nikabaki nimesimama, shati nje, nikiwa mwepesi kiunoni kwa mara ya kwanza tangu Entebbe, na bila raha yoyote.

Niliporudi nilikwenda Bwera moja kwa moja. Mama hakuuliza amenenepa au amekonda.

"Aliikunja?"

"Hakuikunja. Aliiweka kifuani."

Akatembea hadi mlango wa duka na kurudi. "Kifuani," akasema. "Basi hataila haraka." Yale ya watu wawili sikumwambia. Nilidhani ni jambo asilolijua.

Kisha kukawa kimya. Paluku hakupiga simu, au alipiga na kusema maneno machache na kukata. Mvua zikaja, vitenge vikauzwa, hija nyingine ikaenda ikiongozwa na masera, ambaye inasemekana aliwaruhusu watu kuweka pesa kwenye viatu. Kila nilipopita Bwera nilimkuta Mama amesimama nje, goti limefungwa kitambaa, akitazama barabara, na kila nilipomsalimu alinijibu bila kugeuka.

Habari nilizipata kwa simu nikiwa Kasese. Jirani alipiga kelele hata nikatenga simu na sikio: Paluku amekuja! Jana, jioni! Alisimama mlangoni na begi moja na akatoa, euro tupu, noti zilizonyooka kama zimetoka kiwandani leo. Wazee wamepata, masera amepata, mwendesha boda aliyemleta amepata mara mbili. Mama alipiga vigelegele kupita wote, hadi sauti ikamkauka.

Siku iliyofuata nilikwenda. Nilikwenda na moyo mzito kidogo, nakiri, kwa sababu nilijua euro zile zilikotoka, na nilikuwa nikimfikiria Mama akipokea mbele ya watu kitu alichokitoa mwenyewe, na kulazimika kushukuru. Uani nilimkuta Paluku peke yake, amekaa kwenye kigoda, akila obundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki kwa haraka kana kwamba angenyang'anywa.

"Mama yuko wapi?"

"Mupakani. Tangu asubuhi." Akatazama chini. "Kwa makambisti."

Makambisti ni wabadilisha fedha. Wamejipanga Mpondwe chini ya miavuli, mafungu ya faranga na shilingi yakiwa mezani. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa akichechemea kutoka mwavuli hadi mwavuli, na kila aliposimama kicheko kililipuka. Nikaharakisha, nikidhani wanamdhihaki.

"Mama, hii umetoa wapi?" kambisti mmoja alikuwa akisema, akigeuza noti juu chini. "Hawa wafalme wenye mataji beko ya kanisa?"

"Iko franga, bwana. Uangalie."

"Siyo euro, siyo dola. Siyo ya Rwanda. Mama, hii umedanganywa."

Nilichungulia begani kwake. Zilikuwa zloti, pesa za Poland, fungu dogo, moja ina ufa, zingine zimekunjwa na kukunjwa, zina harufu kidogo ya kitu kama sabuni ya bucha. Paluku alikuwa amelipwa ujira wake wa kukata kuku asubuhi ya kuondoka, akakimbilia uwanja wa ndege bila kupata nafasi ya kubadilisha. Usiku, majirani walipokwisha kuondoka, alimpa mama yake na kumwomba radhi.

Nikaona mahali pa kutumia elimu yangu. "Mama," nikamwambia, "hapa hawazijui. Nipe nizipeleke Kampala, huenda wakazichukua hata kwa bei mbaya."

Alinigeukia. Sauti ilikuwa bado imekauka, akawa ananong'ona katikati ya kelele za malori.

"Profeseri, weye ulisoma wapi? Zile za mulangoni nilizipigia vigelegele kama batu bengine. Lakini zile zilikuwa zangu. Alijua, na mimi nilijua. Hizi," akazikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, mbele ya kila mwizi wa Mpondwe, "hizi mimi sikumutumia. Hizi mimi sijawahi kuziona."

Kisha akaniacha, akauendea mwavuli uliofuata.

"Papa, samahani. Hii unachenji?"

Kambisti, kijana mwenye miwani, aliinyanyua kwenye jua, akaipapasa kingo zote nne. "Hapana, Mama. Hii haichenjiki hapa."

"Una hakika?"

"Kabisa. Hata Kasindi hawatachukua. Hata Butembo."

"Uangalie tena muzuri."

"Mama, nimeangalia. Hakuna mutu atachukua hii."

"Asante, Papa," akasema, uso wote umewaka. "Asante sana." Akaipokea noti yake, akachechemea hadi kwa kambisti mwingine, akaanza kuuliza upya.